Kufunga feni ya paa kwenye Haisi ya kulala, kwa jua na vumbi la Dodoma

Gari la bati likishinda juani Dodoma mwezi wa kumi, jioni halilaliki. Nje upepo umeshaanza kupoa, lakini ndani joto limejibana chini ya paa na halina pa kutokea. Ukifungua madirisha ya pembeni unapata nafuu kidogo tu, maana hewa ya moto hupanda juu na madirisha yapo chini yake. Feni ya paa inaitoa pale pale ilipojikusanya.

Naeleza ninavyoifunga kwenye Toyota HiAce, ila kazi ni hiyo hiyo kwa Noah au Coaster. Watu wengi huogopa kukata tundu, kumbe kukata ni sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye kuzuia kutu na kuziba. Kwetu mvua huja kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, kwa hiyo feni iliyozibwa vibaya mwezi Juni itakaa kimya miezi kadhaa, na siku itakapokuonyesha kasoro yake godoro limeshalowa.

Vifaa

Feni ya volti 12 yenye kifuniko na wavu wa wadudu. Drili, jigiso yenye msumeno wa kukatia chuma (meno kama 24 kwa inchi), tupa, msasa, praima ya kuzuia kutu na rangi ya gari. Mbao ya inchi 2 kwa 1, skrubu za stenlesi, waya wa milimita 2.5, fyuzi na kishikio chake. Kwa kuziba unahitaji vitu viwili: utepe wa butili, yaani ile gamu nyeusi inayonata ambayo mafundi wa taa hutumia kubandikia vioo vya taa za mbele, na gundi ya poliyurethani, ile ya kubandikia kioo kikubwa cha mbele. Zote zinapatikana kwa mafundi wa vioo na taa.

Silikoni ya bafuni iache dukani. Ile yenye harufu ya siki hula chuma, rangi haishiki juu yake, na siku ukitaka kuziba upya, gundi nyingine haishiki mahali ilipopita.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Feni haitengenezi hewa. Inavuta hewa kutoka mahali fulani na kuitupa nje, kwa hiyo amua kwanza hewa itaingilia wapi. Kama kitanda kiko nyuma, ninapenda feni ikae mbele kidogo ya katikati, na dirisha la kichwani ndilo lifunguliwe. Hewa inaingia kichwani, inapita juu ya mwili wote, inatokea juu. Ukiweka feni juu kabisa ya dirisha lililo wazi, inavuta hewa ya dirishani na kuitoa hapo hapo, na huku kwingine joto linabaki.

Angalia pia mahali pa paneli ya sola, isije ikazuia kifuniko kufunguka. Bawaba za kifuniko zikae upande wa mbele wa gari. Siku ukisahau na kuondoka kikiwa wazi, upepo utakisukuma kifunge badala ya kuking'oa.

Hatua ya 2: Fungua dari

Usikate kabla hujaona bati kwa ndani. Chini ya dari kuna mbavu za chuma zinazokatiza upande hadi upande, na waya za taa za ndani. Mbavu hazikatwi, kwani ndizo zinazolishikilia paa. Feni nyingi za aina hii zinataka tundu la inchi 14 kwa 14, karibu sentimita 35.5, kwa hiyo tafuta nafasi kati ya mbavu mbili inayoingiza kipimo hicho. Hata hivyo, pima feni uliyonayo mkononi, usiamini namba yangu.

Hatua ya 3: Chora na ukate

Fanya asubuhi mapema. Saa sita mchana bati la Dodoma halishikiki, na gundi ya tepu inayeyuka.

Tafuta katikati ukiwa ndani, toboa tundu dogo kwenda juu, kisha panda nje uchore mraba kuanzia hapo. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka mstari wote ili kitako cha jigiso kisikwaruze rangi. Funika paa lililobaki na kioo cha mbele kwa shuka, na ndani tandika turubai. Unga wa chuma ukiangukia rangi ukabaki, umande wa usiku mmoja unatosha kuanza madoa ya kutu.

Toboa pembe nne kwa biti ya milimita 10, matundu yakae ndani ya mstari. Pembe za mviringo hazipasuki kwa mtikisiko wa barabara. Kata polepole, na kila upande ukimalizika uubandike tepu ili kipande kisianze kucheza. Mwisho kinatetemeka sana, kwa hiyo mtu mmoja akishikilie kutoka ndani akiwa na glavu ngumu.

Tafadhali usitumie grenda. Cheche zake zinachoma rangi na kujichimbia kwenye kioo, na joto linaharibu rangi kwa upana ambao hutauona mpaka kutu ianze kuinua ngozi.

Hatua ya 4: Tibu ukingo

Hapa usiwe na haraka. Piga tupa mpaka kidole kipite bila kukwama, halafu msasa, halafu futa kwa kitambaa chenye thina. Paka praima kwenye ukingo wenyewe, upande wa juu na wa chini, ufike sentimita mbili ndani ya bati zima. Ikauke, rudia, kisha rangi. Fagia unga wote kwa brashi, na pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kingo za paa na mifereji ya mvua. Utashangaa kinachonasa.

Hatua ya 5: Fremu ya ndani

Tengeneza fremu ya mbao kwa kipimo cha tundu, ikae chini ya bati. Bati peke yake ni jembamba, skrubu zitalegea baada ya safari chache za makorongo. Mninga unafaa kwa kuwa mgumu na haupindi upesi, ila toboa kwanza kabla ya skrubu.

Hatua ya 6: Ziba

Futa paa kwa spiriti. Bandika utepe wa butili chini ya flenji ya feni, yaani ule ukingo bapa unaokaa juu ya bati, mzunguko mzima, miisho ikutane bila pengo. Kama paa lina mikunjo, jaza kwanza mabonde kwa butili mpaka yalingane na matuta, ndipo uweke tabaka la kukaa flenji. Maji hupita kwenye mabonde hayo, na ndiko uvujaji mwingi unakoanzia.

Shusha feni, kaza skrubu kwa kupokezana pembe hadi pembe, kidogo kidogo. Butili itatoka pembeni. Hiyo ni dalili nzuri, inaonyesha imejaza. Ukiona upande mmoja haijatoka, inua uongeze. Subiri ipate joto la jua kwa muda, kaza tena bila kupinda plastiki, kata iliyozidi kwa kisu cha plastiki. Kisha paka poliyurethani juu ya kila kichwa cha skrubu na kuzunguka ukingo wa flenji, ilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni. Ikishakauka ipake rangi, kwa sababu jua letu huipasua ikiachwa wazi.

Hatua ya 7: Umeme

Vuta waya hadi betri ya ndani, si ya kuwashia injini. Fyuzi ikae karibu na betri, ukubwa wake ni ule ulioandikwa kwenye feni. Kila tundu la chuma ambalo waya unapita liwe na mpira, la sivyo mtikisiko utakwangua ngozi ya waya. Ukitaka kujua betri itahimili vipi, zidisha: feni inayokula ampea 2 kwa saa 8 inamaliza ampea-saa 16.

Hatua ya 8: Jaribu kwa maji

Gundi ikishakauka, mwaga maji kwa bomba dakika kumi, ukianzia chini ya flenji kwenda juu, huku mtu mwingine yuko ndani na tochi na karatasi ya chooni. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Dari irudishwe baada ya hapo tu.

Kuitumia

Jioni fungua dirisha la mashariki, upande wenye kivuli, na weka feni kutoa nje. Ukiacha lami pale Kolo, wilayani Kondoa, kwenda kwenye michoro ya miambani, zima na ufunge kifuniko kabla ya vumbi kuanza: feni inayotoa hewa huku madirisha yamefungwa inavuta vumbi kupitia kila mpira wa mlango. Jiko la mkaa lisiingie garini hata feni ikiwa kasi ya juu, na usilale na injini ikiunguruma, kwa kuwa feni hiyo hiyo inaweza kuvuta moshi wa ekzosi ndani. Wavu uvue kila baada ya safari ya vumbi, uoshe kwa sabuni, ukaushe kabla ya kurudisha. Mwezi Novemba panda paani, kagua gundi kwa kidole, na palipopasuka ongeza mpya kabla ya wingu la kwanza.