SOMO: Vidonge vya kuongeza damu, na chupa ya chai ikae mbali

Kamwene wa Iringa na Njombe, mugonile wa Tukuyu na Kyela. Niliahidi somo hili mwezi uliopita, zamu zikanibana. Samahanini.

Nafanya kazi dirisha la dawa hapa Mbeya. Kuna dada alikuja na karatasi mbili za maabara. Ya kwanza wekundu wa damu (hemoglobini, gramu kwa desilita) 8.2. Ya pili, baada ya miezi miwili ya vidonge, 8.4. Anaapa hajaruka hata siku moja. Nikamwambia, hebu nioneshe unavyomeza. Akacheka, akafungua kikapu, akatoa chupa ya chai, akamimina chai ya rangi iliyokolea hadi inakaribia weusi, akatupia kidonge mdomoni, akashushia.

Nikajua pale pale. Tanini iliyomo kwenye chai inashikana na madini ya chuma ya kidonge tumboni, mwili unapata kidogo mno, mengine yote yanaishia chooni. Na sisi watu wa Rungwe na Mufindi chai tunaikuta shambani, jikoni, msibani, kila mahali. Basi twende taratibu.

Hatua ya 1: Pima. Kuchoka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda mlima mdogo tu, hamu ya kutafuna pemba (ule udongo mweupe) au mchele mbichi: hizo ni dalili za kukupeleka maabara, zisikupeleke moja kwa moja dukani. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kwa mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, mjamzito chini ya 11 (miezi mitatu ya kati chini ya 10.5), mwanaume chini ya 13. Ila Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, mwili unatengeneza damu zaidi ili kufidia, na shirika hilohilo linataka vipimo virekebishwe kwa watu wa milimani. Kwa hiyo 12 ya Uyole hapa Mbeya na 12 ya Kyela kule chini ufukweni mwa ziwa hazilingani. Ya Uyole ina walakini.

Hatua ya 2: Tafuta damu inapopotelea. Minyoo ya safura, hedhi nzito, malaria, vidonda vya tumbo, diclofenac za kila siku kwa ajili ya mgongo. Usipoziba tundu, unajaza ndoo inayovuja. Mwanaume, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma asiishie kwenye vidonge. Achunguzwe tumbo na utumbo. Mwenye seli mundu, au aliyeongezewa damu mara nyingi, asimeze chuma bila daktari kusema, maana huenda mwilini mwake kimeshazidi.

Hatua ya 3: Soma paketi. FEFO tunazogawa kliniki zina ferasi salfeti miligramu 200 pamoja na asidi ya foliki. Chuma chenyewe humo ni kama miligramu 65. Kidonge cha ferasi glukoneti cha miligramu 300 kina kama 35 tu. Namba kubwa juu ya boksi isikudanganye.

Hatua ya 4: Meza kwa saa yake. Zamani tuliandika kutwa mara tatu, na wapo wanaoandika hivyo hadi leo. Mimi siipendi. Ukimeza chuma, ini linatoa homoni iitwayo hepcidini inayofunga mlango wa utumbo kwa muda wa siku nzima hivi, kwa hiyo dozi inayofuata inagonga mlango uliofungwa na kukuachia maumivu ya tumbo tu. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walionesha hivyo kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma: waliomeza siku moja na kuruka moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Kwa mtu mzima wa kawaida, kimoja kwa siku kinatosha, na tumbo likisumbua zungumza na daktari kuhusu kuruka siku. Mjamzito afuate maelekezo ya kliniki.

Meza tumbo likiwa tupu, kwa maji. Chungwa, pera au maji ya limau yanasaidia chuma kuingia. Chai, kahawa, maziwa na zile dawa za kiungulia za magnesiamu, weka pengo la masaa mawili kila upande. Najua asubuhi ya Makete yenye baridi bila chai haiendi. Basi hamishia kidonge usiku, masaa mawili baada ya ugali. Kikikuchefua kabisa, meza na chakula. Utafyonza pungufu, lakini ni afadhali kuliko kuacha.

Hatua ya 5: Usishtuke, usikatishe. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami na harufu kali, hiyo huenda ni damu, nenda hospitali. Choo kigumu kinalegea kwa maji mengi, mboga na parachichi, na parachichi huku kwetu hatulilii. Rudia kipimo baada ya wiki nne; wekundu unatakiwa uwe umepanda angalau 1. Usipopanda, rudi hatua ya 2. Ukifika sawa, endelea miezi mitatu mingine. Mkulima wa mahindi atanielewa: debe la jikoni limejaa, ghala bado tupu.

Hatua ya 6: Fungia kabatini. Hapa naomba msome polepole. Vidonge hivi vingi ni vyekundu, vimepakwa sukari, na mtoto anaviona pipi. Mtoto wa kilo 10 akila kumi amekula dozi inayoweza kumuua. Anatapika, pengine na kuharisha damu, halafu baada ya masaa kadhaa anaonekana kapata nafuu, anaomba hata uji. Ile nafuu ni ya uongo, ini linaharibika kimyakimya. Msipoteze muda na maziwa. Beba mtoto, beba na paketi, kimbia hospitali. Na vile vibahasha vya kaki tunavyofungia dawa havizuii mtoto yeyote, tafuta kopo lenye kifuniko kigumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Tukuyu: Dada, chai ya maziwa si nafuu kidogo?
Hapana mpendwa. Tanini ya chai, juu yake kalisi ya maziwa. Umeweka makufuli mawili.

Makambako: Natumia TLD. Naweza kuchanganya?
Asante kwa kuuliza wazi. TLD ni kidonge cha ARV, na dolutegravir iliyomo ndani yake inashikwa na chuma, dozi ya ARV inapungua nguvu. Ama meza vyote pamoja ukiwa unakula chakula, ama TLD itangulie masaa 2 au ifuate masaa 6 baada ya chuma. Tumbo tupu na vyote viwili, usijaribu. Waambie CTC, kliniki yako ya ARV, kwamba umeongeza dawa. Antibiotiki kama doxycycline na cipro nazo zinahitaji kupishana na chuma.

Iringa mjini: Mama mkwe ananilazimisha soda nyeusi na maziwa, anasema inaleta damu.
Shikamoo nyingi kwa mama. Inaleta sukari. Damu inataka nyama, maini, dagaa, maharage na mboga zenye limau au nyanya.

Kyela: Nina mimba, nimeandikiwa foliki ya miligramu 5 na kliniki wamenipa SP.
Rudi uwaulize leo. Foliki ya kiwango hicho inapunguza nguvu ya SP dhidi ya malaria. Ile ndogo iliyomo kwenye FEFO haina shida.

Mafinga: Dawa ya maji imemchafua mwanangu meno, yamekuwa meusi.
Ni rangi tu, itatoka kwa mswaki. Mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nyuma ya ulimi, kisha maji.

Tukuyu tena: Yule wa chupa ya chai aliishia wapi?
Alirudi wiki ya tano. 10.1. Chai anakunywa saa nne asubuhi, kidonge usiku. Choo kilionesha safura, akapewa dawa. Ila wakati anapokea vidonge nikaona vumbi jeupe kwenye vidole vyake. Pemba hajaiacha.