Namna ya Kubaini Hitilafu za Giaboksi ya Otomatiki kwenye Pikapu Inayovuta Tela

Pikapu ya otomatiki inayovuta tela huonyesha ugonjwa wake mlimani. Kwenye tambarare, ikiwa tupu, inaweza kwenda bila dosari yoyote. Ikishafungwa tela lenye jenereta na kuanza kupanda mlima mkali wa Kitonga, injini inanguruma bila mwendo kuongezeka, au gari linatetemeka, au gia inakawia kuingia. Katika gereji nyingi jibu la kwanza ni kwamba giaboksi imekufa na inunuliwe nyingine iliyotumika. Naupinga ushauri huo unapotolewa kabla ya vipimo, kwa sababu kinachoua giaboksi ya gari la kuvuta mara nyingi ni joto, na giaboksi ya pili ikifungwa kwenye gari ambalo kipoza mafuta chake kimeziba, nayo itakufa vilevile.

Anza kwa kumhoji dereva. Je, tatizo hutokea gari likiwa la baridi au likishapata moto, katika gia zote au moja tu, likiwa na tela au hata bila tela? Tatizo la asubuhi linalopotea gari likipata moto mara nyingi hutokana na sili (mipira inayozuia mafuta kuvuja) zilizokakamaa, ilhali lile linalozuka baada ya kupanda kwa muda mrefu huelekeza kwenye mafuta yaliyochoka, pampu dhaifu au klachi za ndani ya giaboksi zilizolika.

Kisha pima mafuta ya giaboksi. Kama gari lina kijiti cha kupimia, na kitabu chake hakielekezi vinginevyo, liegeshe mahali tambarare injini ikiwa na joto la kazi na ikiendelea kuwaka, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia katika kila nafasi, urudishe P (nafasi ya kuegesha), ndipo upime. Mafuta pungufu huifanya pampu ivute hewa na klachi ziteleze. Yaliyozidi hukorogwa na gia mpaka yakatoa povu, na matokeo yake ni kuteleza kulekule. Baadhi ya giaboksi za Toyota, kama A750 inayotumia mafuta ya WS, hazina kijiti: hufunguliwa plagi ya kipimo iliyo chini ya sampo (karai la mafuta la giaboksi), injini ikiwa inawaka na mafuta yakiwa na joto la takriban nyuzi 40 za Selsiasi, na yakichuruzika kidogo tu ndipo yanahesabiwa kuwa yametosha. Fundi anayefungua plagi hiyo yakiwa na nyuzi 80 atamwaga mafuta ambayo gari bado linayahitaji, kwa kuwa mafuta hupanuka yakipata moto.

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na ulinuse. Rangi nyeusi yenye harufu ya kuungua ni ushahidi wa klachi zilizoteleza mpaka zikaungua. Rangi ya waridi iliyochanganyika na weupe maana yake maji ya rejeta yameingia, jambo linalowezekana kwa sababu katika magari mengi kipoza mafuta kimo ndani ya tangi la rejeta; gari la namna hiyo lisiendeshwe tena hata kwa umbali mfupi, kwani maji huharibu bitana za klachi.

Soma misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari kabla ya mtu yeyote kuchomoa betri, maana kuichomoa kunaweza kufuta kumbukumbu. P0700 peke yake haitaji kilichoharibika. Inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina taarifa, hivyo tumia mashine inayoweza kuisoma kompyuta hiyo yenyewe. P0218 ni joto kupita kiasi, P0730 ni uwiano wa gia usio sahihi, na P0741 ni klachi isiyoshika ya toki konveta, yaani chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa njia ya mafuta.

Klachi hiyo ya konveta inastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa isiposhika, konveta huendelea kuteleza na kuzalisha joto safari nzima. Bila tela, kwenye barabara tupu, shika mwendo wa kilomita 80 hivi kwa saa katika gia ya juu, kisha gusa pedali ya breki kidogo sana bila kuachia akseleta. Mizunguko ya injini inapaswa kupanda kwa mia kadhaa na kushuka tena ukiachia breki. Isipobadilika, huenda klachi haikuwa imeshika tangu mwanzo. Kama gari lilikuwa linatetemeka kana kwamba linapita kwenye rasta (matuta madogo ya barabarani), na mtetemo ukakoma mara tu ulipogusa breki, shuku klachi ya konveta au mafuta yake; mtetemo ukiendelea, kagua plagi, koili au nozeli za injini kwanza, na krosi za propela. Kagua pia nyaya za taa za tela: zikiunganishwa vibaya na waya wa taa za breki, kompyuta inaweza kudhani breki imekanyagwa na kuikataza klachi kushika.

Pima na muda wa gia kuingia. Kwa Toyota nyingi, kutoka N (huru) kwenda D (mbele) haipaswi kuzidi sekunde 1.2, na kwenda R (nyuma) sekunde 1.5. Ikichelewa kote kuwili, shuku usawa wa mafuta, chujio au shinikizo la pampu. Ikichelewa upande mmoja tu, shuku klachi au solenoidi (valvu ya umeme) ya upande huo. Geji ya shinikizo iliyofungwa kwenye tundu la kupimia la giaboksi ndiyo inayothibitisha. Kipimo cha kukanyaga breki na akseleta kwa pamoja nakishauri kwa fundi mzoefu tu, magurudumu yakiwa yamewekewa vizuizi, kisizidi sekunde tano, na kisifanywe kabisa kwenye giaboksi ambayo mafuta yake yamekwisha kuanza kunuka kuungua.

Baada ya hapo fuatilia joto ukiwa na mzigo. Mafuta yenye nyuzi 80 hadi 95 hayana tatizo; yakipita 120, simama mahali salama, weka P, na uiache injini ikiwaka ili pampu iendelee kuyazungusha kwenye kipoza. Gusa kwa tahadhari vikombe vya magurudumu ya tela, kwani breki za tela zilizonata huifanya pikapu ivute uzito ambao haupo kwenye karatasi.

Mwisho fungua sampo. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa au nyuzinyuzi nyeusi za bitana ndivyo vinavyohalalisha kuishusha giaboksi. Ikishushwa, kipoza na mabomba yake visafishwe au vibadilishwe kabla giaboksi iliyokarabatiwa haijafungwa, kwa sababu chembe zilizobaki humo zitarudi kwenye valvu mpya mara injini itakapowashwa.