Kukalafati mashua kuukuu: pamba, sifa na deheni

Kukalafati ni kuziba kwa pamba mishono, yaani nafasi kati ya mbao za mashua. Anza kwa kuhesabu mwezi. Bamvua, maji yanayojaa kuliko kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Pandisha mashua wakati maji ya bamvua yamejaa kabisa, uiegeshe juu ya magogo na kuitia magadi (miti ya kuiegemeza isianguke) pande zote mbili. Maji mafu, yale yanayojaa kidogo kati ya bamvua mbili, hayataifikia hapo, na una takriban siku 14 za kazi mpaka bamvua nyingine ije kuielesha. Ukipandisha maji mafu, bamvua itakukuta katikati ya kazi na mishono iko wazi.

Jua ni adui kuliko maji. Mbao zikikauka hunywea na mishono hufunguka, ukadhani kila mwanya unadai pamba. Ukiishindilia, mashua ikirudi majini mbao zitafura zisipate pa kwenda. Hapo misumari hung'oka kwenye mataruma (miti ya ndani inayoshikilia mbao), au taruma lenyewe hupasuka. Makosa haya ndiyo yanayoua mashua nyingi za mafundi wapya. Kwa hiyo funika mbavu zote kwa makuti au magunia, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni, na ufunue ule upande unaoufanyia kazi tu.

Kwangua mwani na magamba yaliyoganda, kisha choma sehemu inayokaa majini kwa mienge ya makuti makavu ili kuua wadudu wanaotoboa mbao. Mwenge usitue mahali pamoja: upitishe mpaka ubao uanze kutoa moshi, uendelee. Mishono ya zamani imejaa mafuta na hushika moto upesi, basi ndoo za maji ziwe karibu na kazi hii usiifanye siku ya upepo.

Sasa gonga kila ubao kwa nyundo. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu, uliooza hunyamaza. Choma kwa ncha ya kisu pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku (mti wa chini kabisa wa mashua), na kwenye ncha za mbao kule omo na tezi (mbele na nyuma), kwa kuwa maji mabichi ya mvua hutuama huko na kuozesha. Ncha ikizama bila nguvu, badilisha ubao kabla ya kuwaza pamba. Msumari unaotoa kutu ung'oe, upige mwingine mnene kidogo wa kuzuia kutu, na chini ya kichwa chake uzungushe nyuzi za pamba zilizotiwa mafuta.

Toa pamba kuukuu kwa ndoana ya chuma, taratibu, usichane kingo za ubao. Mshono mzuri ni mpana kwa nje, kama milimita 3, na kwa ndani mbao zinagusana. Ukiona mwanga upande wa pili, pamba haitashika. Itapenya mpaka ngamani, chini kabisa ndani ya mashua. Mwanya huo chongea kipande chembamba cha mti uleule.

Tumia pamba halisi yenye nyuzi ndefu. Vitambaa vya nailoni havifuri, navyo hutoka baada ya muda. Sokota pamba kwa viganja, ilegee, unene wa penseli, uichovye kwenye mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya samaki) na kuikamua isidondoke. Anza na mshono wa mkuku, panda juu, ukibadilisha upande wa kulia na wa kushoto ili mbao zisisukumwe upande mmoja. Mara ya kwanza ingiza kwa chembeu (patasi ya kukalafatia) vitanzi vidogovidogo vinavyofuatana. Mara ya pili rudia kwa nguvu zaidi, ukisikiliza: chembeu ikianza kudunda na sauti kuwa nzito, acha. Pamba ibaki chini ya uso wa ubao kwa milimita 2 au 3. Mtu mmoja akae ndani aangalie kama inachungulia.

Nafasi hiyo iliyobaki ni ya deheni. Yeyusha shahamu (mafuta ya mnyama), ipoe kidogo, tia chokaa iliyozimwa na kuchekechwa huku ukikanda mpaka isishike mkononi, kama ugali mgumu. Vaa glavu na ulinde macho, chokaa huunguza. Jaza mishono, halafu paka deheni laini zaidi sehemu yote inayozama. Juu ya hapo paka sifa. Saruji na gundi zinazokauka ngumu ziache: ubao hufura na kunywea, zenyewe hazifuati, zikapasuka na kuficha uvujaji.

Mashua itavuja siku ya kwanza, lazima. Ifunge karibu na pwani, weka upo (chombo cha kukumbia maji) ndani, na mtu akeshe akikumba maji. Kufikia siku ya pili au ya tatu mbao zimefura na maji yamepungua sana. Panapoendelea kutiririka, weka alama ya chaki kwa ndani, subiri maji yapwe, ufungue mshono ule tu.