Jinsi ya kuhesabu tarakimu muhimu kwenye vipimo, hatua kwa hatua

Waulize watu kumi 0.00450 ina tarakimu muhimu ngapi, yaani tarakimu zinazobeba habari ya kipimo, utapata majibu ya kila aina: sita, tano, tatu, mbili. Jibu sahihi ni tatu. Wengi wanaokosea wamezikariri kanuni zote, ila wanazikariri kama orodha, na orodha huchanganyika kichwani. Kazi yangu ni ya maabara, nasoma namba kutoka kwenye vifaa kila siku, na naamini kanuni zote hizo zinatokana na swali moja tu: je, tarakimu hii imepimwa, au imewekwa hapo kushika nafasi?

Shika swali hilo, tutalitumia mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Anzia kwenye kifaa, kabla ya namba

Chukua rula yenye alama za milimita, uilaze kando ya penseli. Tuseme ncha imepita alama ya sentimita 8.3 lakini haijafika 8.4. Hapo rula yenyewe imekuhakikishia 8 na 3. Sasa tazama nafasi iliyobaki kati ya alama hizo mbili. Ncha imevuka katikati kidogo, kwa hiyo unakadiria kwa jicho: 8.36. Ile 6 huna uhakika nayo kamili, huenda ni 5 au 7, lakini unajua kabisa si 1 wala 9. Ina habari ndani yake, basi inahesabiwa. Kipimo chako kina tarakimu muhimu tatu: mbili za uhakika na moja ya makadirio.

Ukiandika 8.364, ile 4 imetoka wapi? Rula haikuisema, na jicho lako haliwezi kuiona. Iache.

Sasa sogeza penseli hadi ncha ikae juu ya alama ya 8.3 sawasawa. Wengi wataandika 8.3. Andika 8.30. Umetazama nafasi ile ile uliyoitazama mwanzo, na safari hii umekuta haijazidi kitu. Sifuri hiyo ni matokeo ya kutazama, sawa na ile 6 ya mwanzo. Ukiielewa sifuri hii moja, umeshaelewa nusu ya somo.

Kwa vifaa vingine mambo ni hayo hayo. Bureti (mrija wa kupimia vimiminika) yenye migawanyo ya mililita 0.1 husomwa hadi 0.01, kwa hiyo unaandika 21.30 na si 21.3. Soma sehemu ya chini ya mpindo wa maji, jicho likiwa usawa nao; ukisoma kutoka juu au chini, tarakimu ya mwisho inaharibika. Mizani ya kielektroni haihitaji ukadirie chochote: nakili kila kinachoonekana kwenye kioo chake. Ikionyesha 5.200, andika 5.200. Tarakimu ya mwisho kwenye kioo ndiyo yenye shaka.

Hatua ya 2: Hesabu tarakimu zote zisizo sifuri

Kila tarakimu kuanzia 1 hadi 9 inahesabiwa, popote ilipo. 47.3 zina tatu, 2,918 zina nne. Hapa hakuna mjadala.

Hatua ya 3: Ziendee sifuri moja moja

Kazi yenyewe iko hapa. Sifuri iliyobanwa kati ya tarakimu nyingine inahesabiwa daima. Kwenye 5.07 huwezi kuipata ile 7 bila kupita kwenye sehemu za kumi na kukuta hamna kitu, kwa hiyo sehemu hiyo nayo imepimwa. 5.07 ina tatu, 30.06 ina nne.

Sifuri za mbele hazihesabiwi hata moja. Kama unasitasita, badili kizio uone kitakachotokea. Mita 0.00450 ni sawa na milimita 4.50. Kipimo ni kile kile, kitu ni kile kile, lakini sifuri tatu za mbele zimetoweka. Kitu kinachotoweka kwa kubadili kizio tu hakikuwa sehemu ya kipimo. Kilikuwa kinaonyesha nukta ikae wapi. Zilizobaki ni 4, 5 na 0.

Ile sifuri ya mwisho, mbona haikutoweka? Kwa sababu haishiki nafasi ya mtu. 4.5 na 4.50 zina ukubwa ule ule, kwa hiyo aliyeiandika hakulazimika kuiandika. Ameiweka kwa makusudi, kukuambia kwamba alipima hadi sehemu za mia na akakuta sifuri. Ndiyo kanuni: sifuri za mwisho zilizo baada ya nukta ya desimali zinahesabiwa zote. 20.00 ina nne, 0.0800 ina tatu, na 700.0 ina nne. Kwenye hiyo ya mwisho, sifuri iliyo baada ya nukta imeshapimwa, na zile mbili za kabla yake zimebanwa kati yake na 7.

Wanafizikia nao huandika hivyo hivyo. Thamani ya namba isiyobadilika ya mvutano, ile G ya Newton, iliyopendekezwa mwaka 2018 na CODATA, kamati ya kimataifa ya namba za aina hiyo, ni 6.67430 × 10⁻¹¹ kwa vizio vya kimataifa vya SI. Tazama sifuri ya mwisho. Hakuna aliyeikata ili namba ipendeze.

Jaribio la kubadili kizio ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa linakutoa kwenye kukariri. Gramu 0.004050 ni miligramu 4.050: nne.

Hatua ya 4: Namba nzima zinazoishia na sifuri

Mtu amekuandikia kwamba umbali ni mita 1,500. Tarakimu muhimu ni ngapi? Kwa maandishi hayo peke yake, haijulikani. Huenda alipima kwa hatua za miguu akakadiria hadi mia iliyo karibu, basi ni mbili. Huenda alitumia mkanda wa kupimia akapata 1,500 sawasawa, basi ni nne. Vitabu vingi vya shule vinakutaka uchukue mbili, na kwenye mtihani fuata kitabu chako. Kazini, muulize aliyepima.

Utata huu ni wa zamani. Mwaka 1856 idara ya Waingereza ya upimaji wa ardhi nchini India ilitangaza kwamba Mlima Everest una urefu wa futi 29,002. Inasimuliwa kwamba hesabu zilitoa futi 29,000 kamili, na zile 2 zikaongezwa ili watu wasidhani namba imekadiriwa juu juu. Iwe kweli au la, masimulizi hayo yanaonyesha shida ilipo: sifuri tatu za mwisho haziwezi kujieleza zenyewe. Mwaka 2020 China na Nepal zilipotangaza mita 8,848.86, hakuna aliyehitaji kuuliza. Tarakimu muhimu ni sita.

Dawa ni kuandika kwa mtindo wa kisayansi, yaani namba kati ya 1 na 10 ikizidishwa kwa kipeo cha kumi:

1.5 × 10³ ina mbili.
1.50 × 10³ ina tatu.
1.500 × 10³ ina nne.

Kipeo cha kumi kimebeba kazi yote ya kushika nafasi, kwa hiyo kila sifuri iliyobaki kabla ya alama ya kuzidisha ni ya kipimo. Wapo wanaoweka nukta mwishoni (1500.) au mstari juu ya sifuri ya mwisho iliyopimwa. Nukta ya namna hiyo huonekana kama mwisho wa sentensi, ndiyo maana mimi siitumii.

Hatua ya 5: Tenga namba ambazo hazikupimwa

Ukihesabu mirija ya maabara ukapata 12, ni 12. Hakuna mrija nusu, hakuna shaka. Namba za kuhesabu vitu hazina kikomo cha tarakimu muhimu. Vivyo hivyo namba zilizowekwa kwa fasili, yaani kwa makubaliano: sentimita 100 kwenye mita, sentimita 2.54 kwenye inchi, ile 2 unapogawanya kipenyo upate nusu kipenyo. Kasi ya mwanga kwenye ombwe imewekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde tangu 1983, na namba ya Avogadro (idadi ya chembe kwenye moli moja) imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ tangu 2019. Namba za aina hii hazipunguzi usahihi wa jibu lako. Kipenyo cha 3.46 kinakupa nusu kipenyo cha 1.73, tarakimu tatu zote. Usiishushe hadi moja kwa sababu uligawanya kwa 2.

Hatua ya 6: Peleka tarakimu zako kwenye hesabu

Kanuni ziko mbili, na hazifanani.

Unapozidisha au kugawanya, jibu hubeba tarakimu muhimu sawa na namba yenye tarakimu chache zaidi. Unapojumlisha au kutoa, acha kuhesabu tarakimu muhimu. Tazama nafasi za desimali, na jibu lifuate namba yenye nafasi chache zaidi.

Tuzione zote mbili kwenye jaribio moja. Unatafuta densiti (masi gawanya kwa ujazo) ya kipande cha metali. Mizani inatoa gramu 13.47. Unatia maji kwenye silinda ya kupimia yenye alama za kila mililita 1, unasoma 25.2. Unazamisha kipande taratibu, maji yanapanda hadi 30.2.

Ujazo: 30.2 − 25.2 = 5.0. Ni kutoa, kwa hiyo jibu lina nafasi moja ya desimali. Lakini hebu hesabu tarakimu: kila usomaji ulikuwa na tatu, tofauti ina mbili. Moja imepotea njiani, na hakuna aliyefanya kosa. Kutoa namba mbili zinazokaribiana hula tarakimu kila mara. Ukitoa 9.98 kwenye 10.02 unabaki na 0.04, yaani moja tu.

Densiti: 13.47 ÷ 5.0 = 2.694. Ni kugawanya, na chache zaidi ni mbili, basi unaandika gramu 2.7 kwa mililita. Inalingana na alumini, ambayo densiti yake ni 2.70.

Hapa ndipo kuhesabu tarakimu kunapolipa. Ukitaka jibu bora, unaweza kudhani ni lazima utafute mizani kali zaidi. Mizani haina tatizo, imekupa nne. Kilichokuangusha ni ujazo. Tumia kipande kikubwa mara nne: gramu 53.88, maji yapande kutoka 25.2 hadi 45.2, na tofauti iwe 20.0. Sasa una tarakimu tatu na jibu la 2.69, kwa vifaa vile vile.

Hatua ya 7: Kadiria mara moja tu, mwishoni

Chukua 2.4 × 6.1 ÷ 1.9. Ukikadiria katikati, yaani ukifupisha namba kabla ya kumaliza, 14.64 inakuwa 15, na 15 ÷ 1.9 inakupa 7.9. Ukiiacha 14.64 ilivyo, unapata 7.7. Jibu ni 7.7. Acha kikokotoo kishike tarakimu zote, wewe kadiria ukifika mwisho.

Usikadirie kwa ngazi pia. 2.446 kwa tarakimu mbili ni 2.4, kwa sababu unatazama tarakimu inayofuata, ambayo ni 4. Anayeipeleka kwanza 2.45 kisha 2.5 amekadiria makadirio. Na ukikadiria namba kubwa, usipoteze ukubwa wake: 48,632 kwa tarakimu mbili ni 4.9 × 10⁴, haiwezi kuwa 49.

Wanaofanya kemia wana jambo moja la ziada. Kwenye logi (logarithimu), tarakimu muhimu za kipimo zinageuka kuwa nafasi za desimali. Ukolezi wa ioni za hidrojeni wa moli 2.0 × 10⁻⁵ kwa lita una mbili, na pH yake (kipimo cha asidi) ni 4.70. Ile 4 imetoka kwenye kipeo, kwa hiyo haihesabiwi.

Na ujue kikomo cha njia hii. 99 na 101, zote zikiwa na shaka ya 1 juu au chini, zina usahihi unaokaribia kulingana, kama asilimia moja kila moja. Lakini ya kwanza inahesabiwa mbili na ya pili tatu. Ripoti ikiwa nzito, andika shaka yenyewe: 99 ± 1.

Ukiingiza kwenye kompyuta

Programu za majedwali kama Excel hufuta sifuri za mwisho. Ukiandika 5.200 inabaki 5.2, na atakayesoma jedwali atadhani mizani yako ilikuwa dhaifu. Panga idadi ya nafasi za desimali kwenye safu kabla hujaanza kuingiza, na daftari la vipimo usilitupe.

Jipime

Hesabu tarakimu muhimu kabla ya kusoma majibu: 0.0306, 90.50, 1.020 × 10⁻⁴, 30,060, mililita 0.50.

0.0306 ina tatu. 90.50 ina nne. 1.020 × 10⁻⁴ ina nne, kipeo hakihusiki. Mililita 0.50 ina mbili; ipeleke kwenye mikrolita upate 5.0 × 10² kama bado unasita, na uone kwa nini kuandika 500 kungekupoteza. Kuhusu 30,060, nne ni za uhakika. Ya tano anaijua aliyeshika kifaa.