Kabla hujaagiza kadi Dar: pima kwanza kompyuta yako ya gemu inabanwa wapi

Kijana mmoja kaja kwangu Mlandege, hapa mjini Unguja, na kesi ya kompyuta kaifunga kwa kanga, kaipakia bodaboda kutoka Bububu. Kaondoa kadi yake ya grafiki ya zamani, GTX 1050 Ti, kaagiza GTX 1660 Super iliyotumika, ikavuka na boti kutoka Dar, pawa saplai nayo kabadilisha. Gemu ilikuwa ikitoa fremu, yaani picha, 50 kwa sekunde. Sasa inatoa 54.

"Ami, nimeuziwa kadi mbovu?"

Kadi ilikuwa nzima kabisa. Kesi hii naiona kila baada ya muda, na kwetu visiwani inauma zaidi: kurudisha kitu Kariakoo ni nauli, ni siku, na ni maneno mengi na muuzaji. Kwa hivyo naandika hapa hatua ninazozifuata mwenyewe, kwa mpangilio huo huo.

Mwanzo uelewe kazi inavyokwenda. Nenda Forodhani jioni usimame mbele ya meza ya pizza. Mmoja anatandaza unga, anatia nyama na yai, anakunja. Wa pili anakaanga. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ndiyo mkunjaji: inaandaa kila fremu, nani yuko wapi, risasi imepita wapi. Kadi ya grafiki ndiyo mkaangaji: inaichora. Mkunjaji akiwa mzito, hata umletee mkaangaji chuma cha moto mara mbili ya kile, atasimama tu kashika upawa anangoja. Tunachotafuta ni nani anayetoka jasho na nani anayengoja. Anayengoja usimbadilishe.

Hatua ya 1: Vitu vya bure

Tazama waya wa skrini umechomekwa wapi. Usicheke. Nimeshakuta watu wawili wana kadi nzuri, na waya wa HDMI uko kwenye tundu la madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), gemu inachorwa na grafiki ndogo ya ndani ya prosesa. Waya uingie kwenye kadi yenyewe, matundu yale ya chini yaliyolala.

Kisha ingia mipangilio ya umeme ya Windows uhakikishe haiko kwenye hali ya kubana matumizi. Ukiwa na laptopu, pima ikiwa kwenye chaja, kwani kwa betri inajipunguzia nguvu.

Hatua ya 2: Funga mita

Pakua MSI Afterburner, programu ya kupima kadi, inakuja pamoja na RivaTuner inayoandika namba kwenye skrini, zote bure. Washa vitu hivi vionekane kwenye kona ya skrini wakati unacheza: matumizi ya kadi kwa asilimia, joto lake, kasi yake kwa megahezi, kumbukumbu yake iliyotumika, kisha matumizi ya prosesa kwa kila kiini (core) peke yake, joto la prosesa, RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), fremu kwa sekunde, na muda wa fremu.

Zima V-Sync, inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini, na kikomo chochote cha fremu ndani ya gemu. Usipozima, skrini yako ya hezi 60 itakushikilia kwenye fremu 60, kadi itaonekana inafanya kazi asilimia 40, nawe utailaumu prosesa bure bilashi.

Chagua pahala pamoja ndani ya gemu, pazito, penye watu na magari, upite njia ile ile kila mara. GTA V ina jaribio lake la ndani, ni zuri kwa kazi hii. Andika namba kwenye karatasi. Kichwa kinasahau.

Hatua ya 3: Soma namba

Kadi ikikaa asilimia 95 mpaka 99, hiyo ndiyo inayotoka jasho, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ukitaka fremu zaidi hapo, punguza ubora wa picha au badilisha kadi.

Kadi ikikaa asilimia 50 au 60 na hakuna kikomo ulichokiacha, inangoja. Sasa tazama viini vya prosesa, kimoja kimoja. Hapa ndipo wengi wanapotelea. Wanafungua Task Manager ya Windows, wanaona prosesa asilimia 35, wanasema prosesa iko poa. Hapana. Prosesa yenye nyuzi (threads, njia za kazi) 8 ikijaa uzi mmoja tu, jumla itakuonesha asilimia 12.5, na gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu ambao wengine wote wanausubiri. Ule ukijaa, basi.

Kumbukumbu ya kadi nayo ina tabia yake. Kadi ya GB 4 ikisoma 3.9, wastani wa fremu unaweza kuwa mzuri lakini picha inaganda kila ukigeuka, maana vitu vinaanza kuchotwa kutoka RAM ya kawaida. Shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu) ngazi moja upime tena. Mara nyingi dawa inaishia hapo.

Na usidanganywe na wastani. Fremu 60 ni milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Mstari wa muda wa fremu ukiwa umenyooka hapo, gemu ni laini. Ukiwa na miiba inayoruka hadi 50 au 80, jicho litaona tu, hata kama kona inakuandikia 60.

Hatua ya 4: Jaribio la kushusha skrini

Hili ndilo nilipendalo, halihitaji hata kujua namba nyingi. Kwenye mipangilio ya gemu, toka nukta 1920×1080 ushuke 1280×720, yaani 720p. Nukta za kuchora zinapungua zaidi ya nusu, kazi ya prosesa inabaki karibu ile ile. Fremu zikiruka juu sana, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki pale pale, ni prosesa au RAM.

Jibu la pili lina neema yake: kama prosesa ndiyo inayobana, unaweza kupandisha ubora wa picha na usipoteze kitu. Unachopaswa kushusha ni wingi wa watu barabarani na umbali wa kuona.

Hatua ya 5: RAM

Fungua Task Manager, sehemu ya kumbukumbu, utazame nafasi ngapi zimetumika na kasi ni ngapi. Kipande kimoja cha GB 16 na viwili vya GB 8 ni ujazo sawa, lakini havilingani. RAM ya DDR4 yenye kasi ya 3200 kwenye chaneli moja, yaani njia moja kwenda kwenye prosesa, inapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili katika chaneli mbili, 51.2. Madabodi ikiwa na nafasi nne, kwa kawaida vikae ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Anayecheza bila kadi, kwa grafiki ya ndani ya prosesa kama Ryzen 5 5600G, ataiona tofauti hii kuliko mtu yeyote.

Umenunua RAM ya 3200 na inasoma 2133 au 2400? Ingia BIOS, mipangilio ya madabodi kabla ya Windows kuwaka, uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Umeshailipia kasi hiyo.

Hatua ya 6: Joto, vumbi na chumvi

Miongozo ya kwenye mtandao huandikwa na watu wenye baridi, wakapita hapa haraka. Sisi tukae kidogo.

Pima saa nane mchana, mwezi wa kaskazi, feni ya chumba ikiwa pale pale unapoiweka siku zote. Cheza nusu saa kamili. Dalili ni hii: dakika tano za mwanzo gemu inateleza, kisha fremu zinaporomoka na hazirudi. Tazama safu ya megahezi pamoja na joto. Prosesa nyingi za Intel zinaanza kujishusha zikigusa nyuzijoto 100. Kadi za familia za GTX 10 na GTX 16 kwa kawaida zinajizuia kwenye nyuzijoto 83. Kasi ikishuka huku joto limeganda kwenye ukomo, umeshampata anayebana.

Thibitisha kwa kufungua ubavu wa kesi na kuielekezea feni ya meza. Fremu zikirudi, hela yako iende kwenye usafi. Zima, chomoa umeme, safisha mapezi kwa brashi na upepo, ukizishika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Futa pesti kavu (ya kupitisha joto) juu ya prosesa, utie mpya.

Nyumba zilizo karibu na pwani zina jambo jingine: hewa ya chumvi. Nimefungua kompyuta kutoka Nungwi, miguu ya RAM ina ukungu wa kijani. Kompyuta ikiwa inaganda bila mpango, toa RAM, sugua miguu yake taratibu kwa raba ya skuli, futa, rudisha.

Hatua ya 7: Yanayofanana na haya

Kompyuta ikizima ghafla gemu ikipamba moto, tazama joto na pawa saplai. Tundu la madabodi linatoa wati 75, waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Fanya hesabu kabla ya kununua.

Diski ya zamani ya kuzunguka (hard disk) ikisoma asilimia 100, SSD, diski isiyozunguka, itaharakisha kufunguka na itapunguza kuganda, lakini wastani wa fremu hautapanda. Na kama fremu zimetulia ila wachezaji wenzako wanarukaruka kama panzi, hiyo ni intaneti.

Nirudi kwa kijana wa Bububu. Kompyuta yake ni Dell OptiPlex 7010 yenye i5-3470 ya mwaka 2012, viini vinne, vyote vinasoma 100. Kadi inasoma 55. Tumeshuka 720p, fremu zikawa 55. RAM kipande kimoja. Tukatafuta i7-3770 iliyotumika, soketi ile ile, nyuzi 8, na kipande cha pili cha DDR3. Fremu zimefika 71, kadi inafanya kazi asilimia 80. Hiyo 20 iliyobaki inataka madabodi mpya, na tumekubaliana ingoje mpaka baada ya Idi.