Somo: Udongo wa mikoraiza kwa miche ya misindano

Msimu wangu wa kwanza wa kitalu, miche ilidumaa kwenye urefu wa kidole miezi mitatu, sindano zake njano, nyingine zambarau. Nikamlaumu aliyeniuzia mbegu. Mbegu hazikuwa na kosa. Viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, nilivijaza udongo wa shamba la mahindi, udongo usiowahi kuona mzizi wa msindano.

Msindano tunaoupanda sana Mufindi, Pinus patula, kwao ni Meksiko. Kuvu inayoshirikiana nao huikuti kwenye shamba la mahindi, lazima uipeleke. Kuvu hiyo huvika ncha za mizizi kama soksi, kisha nyuzi zake hutambaa mbali kuliko mzizi wenyewe, zikaleta maji na fosforasi. Mti nao huilipa sukari. Mjerumani A. B. Frank ndiye aliyeubatiza ushirika huu mikoraiza mwaka 1885, akiwa katika utafiti wa kulima uyoga wa chini ya ardhi.

1. Nenda kwenye misindano mikubwa yenye afya ukachote udongo wenye kuvu hiyo. Ukiona uyoga wenye kofia ya kahawia inayoteleza, na chini yake vitundu kama sifongo, umefika. Palipo na miti inayokauka au kuoza shina, pita, utabeba ugonjwa.

2. Ondoa sindano kavu, chota udongo wa juu tu, kina cha kiganja, pamoja na vimizizi vyake. Vitazame: ncha nene, fupi, zilizogawanyika kama herufi Y ndizo zenye kuvu.

3. Funga kwenye gunia, weka kivulini, utumie ndani ya siku chache ukiwa bado na unyevu. Hiki ni kitu hai kama hamira. Nimeona watu wakiuanika juani ili uwe mwepesi kubeba, wengine wakiuchoma kuua wadudu. Hapo umebaki na vumbi.

4. Changanya ndoo moja kwa ndoo tisa za udongo wa viriba. Hamishia miche humo.

5. Shika mkono kwenye DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi. Mche ukishiba fosforasi ya dukani, kuvu haishiki vizuri.

6. Baada ya miezi mitatu hivi chana kiriba kimoja. Nyuzi nyeupe zikionekana kwenye mizizi, mambo yamekubali.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu shikamoo. Udongo huohuo nitautumia kwa mninga?
Marahaba. Hapana. Mninga una kuvu ya aina nyingine, inayoingia ndani ya mzizi na haitoi uyoga. Chota chini ya mninga wenyewe.

Na miombo yetu ya asili?
Mtundu, mmoja wa miti ya miombo, uko upande wa msindano: kuvu zake huvika mizizi kwa nje, na nyingi hutoa uyoga. Ule uyoga wa manjano unaouzwa barabarani kwa mabeseni wakati wa mvua hutegemea miti hiyo. Kata mitundu yote uone kama akina mama watapata cha kuuza.

Uyoga mwekundu wenye madoa meupe chini ya misindano unalika?
Usiguse sufuria! Ni sumu, ingawa kwa mti ni rafiki.

Ni kweli miti hulishana kupitia kuvu?
Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake walionyesha, huko Kanada, kaboni ikihama kati ya miche ya miti ya aina mbili. Kwamba mti mama huwalea wanawe kwa njia hiyo, wanasayansi bado wanabishana. Kitaluni kwangu nahesabu fosforasi tu.