Namna ya kuondoa kufuli kwenye nyimbo za zamani zilizonunuliwa iTunes

Nyimbo nyingi zilizouzwa na iTunes, duka la muziki la Apple mtandaoni, tangu lilipofunguliwa mwaka 2003 hadi Apple ilipoacha kuziwekea ulinzi mwaka 2009 zina kufuli la kidijitali liitwalo FairPlay, ambalo huziruhusu kuchezwa kwenye kompyuta tano tu zilizoidhinishwa na kuzifanya zikataliwe na karibu vifaa vyote visivyo vya Apple. Kuzikomboa hakuhitaji programu za kuvunja kufuli, ambazo nchi nyingi zimezipiga marufuku kisheria. Duka lenyewe liliruhusu wimbo ulionunuliwa uchomwe, yaani urekodiwe, kwenye CD ya muziki, na CD ya namna hiyo haina kufuli lolote, hivyo nyimbo zikirudishwa kutoka humo kwenye kompyuta zinakuwa huru.

Hatua ya kwanza ni kuzitambua. Faili yenye kufuli huishia na m4p, na isiyo nalo huishia na m4a. Angalia pia kama wimbo uliununua kweli, kwa maana nyimbo za Apple Music nazo huishia na m4p, lakini hizo umekodishiwa tu na hazichomeki.

Pili, nakili folda nzima ya muziki kwenye diski ya nje, kisha idhinisha kompyuta kwa akaunti ileile iliyonunulia nyimbo. Wengi hukwama hapa kwa sababu nywila ya akaunti ya zamani imesahaulika. Irejeshe kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Tatu, tengeneza orodha ya nyimbo isiyozidi dakika 80, ambazo ndizo CD tupu ya kawaida hubeba. Fuata albamu mojamoja badala ya kuchanganya, ili majina yasije yakakusumbua baadaye. Choma orodha hiyo ukichagua CD ya muziki, wala si CD ya data, kwa kuwa CD ya data hunakili faili pamoja na kufuli lake. Orodha moja yenye nyimbo za kufuli huchomwa mara saba tu, idadi ambayo kwa kazi hii inatosha na kubaki.

Hatua ya nne ndiyo inayoamua ubora, nayo ndiyo hufanywa kwa haraka kuliko zote. Nyimbo hizo zilibanwa kwa AAC, mfumo wa kupunguza ukubwa wa faili za sauti, kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Ukizirudisha kutoka kwenye CD kwa kiwango kilekile cha AAC, zinabanwa mara ya pili, na hasara yake husikika kwanza kwenye matoazi, ambayo hugeuka mchakacho. Kabla ya kuingiza CD, fungua mipangilio ya uingizaji na uchague Apple Lossless, ambayo haipotezi chochote cha kilichomo kwenye CD. Faili zitakuwa kubwa mara kadhaa kuliko za awali bila kupata ubora mpya, kwa hiyo mwenye nafasi ndogo achague AAC ya kilobiti 256. Mimi hupendelea kupoteza nafasi kuliko kupoteza ubora. Washa pia urekebishaji wa makosa ya usomaji.

Mwisho, sahihisha majina ya nyimbo na wasanii, halafu jaribu faili chache kwenye kifaa ambacho hakijawahi kuingizwa akaunti yako. Zikicheza mpaka mwisho bila kukatika, ziondoe zile za m4p kwenye maktaba, lakini nakala zake za diski ya nje uziache zilipo.